Kipimapembe cha Imani

Kwa furaha isiyo kifani, na baada ya mashauriano mapana yaliyofanyika baina ya watu wawili ndani ya lifti, ilitangazwa mjini Maskati mwanzoni mwa mwaka 2000 kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kupima Harakati Kali za Kidini. Kamati ilikuwa ya kudumu kwa sababu ya bajeti, na ya muda kwa sababu ya sheria. Ilipewa ghorofa nzima huko Ruwi, magari mawili meupe, mashine ya faksi, na mpika kahawa, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na kazi tangu siku ya kwanza.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Hamdan, mtu wa maana, ambaye kilemba chake kilifungwa kwa ustadi hata mtu akaogopa kukohoa karibu yake. Katibu alikuwa Yaarub bin Safwan. Na huyu ndiye tutakayekwenda naye, maana bila ya Yaarub pasingekuwa na Kamati, na bila ya matrekta pasingekuwa na Yaarub.

Nikueleze. Yaarub alizaliwa Unguja, Kikwajuni. Baada ya mapinduzi vijana walikuwa wakipelekwa Urusi kusoma, naye akapelekwa akasomee udaktari. Alipofika akakuta chuo cha matrekta. Akakaa huko akitetemeka, akarudi na koti zito, cheti, na maneno ya Kirusi kama arubaini hivi, yote ya vyuma. Familia ilipohamia Maskati kama walivyohamia wengi, nchi ile ilikuwa ikimtafuta kila aliyeweza kushika kalamu bila ya kuivunja. Alipoulizwa anajua lugha gani akajibu: Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu kinakuja, na Kirusi fasaha. Kiarabu kilikuja kweli, ingawa kwa mwendo wa punda. Kirusi hakuna aliyekuja kukiuliza mpaka mvi zikamtoka.

Siku kilipoulizwa, ilikuwa ni kwa sababu ya barua kutoka Jamhuri ya Saristan. Usiitafute kwenye ramani, itakupotezea wakati. Ni moja katika zile nchi zilizojikuta huru asubuhi moja baada ya Usovieti kuvunjika. Misikiti iliyofanywa maghala ya pamba ikafunguliwa tena, na watu waliokaa umri mzima wakiswali kwa kujificha wakawa na hamu kubwa ya dini na hawana wa kuwafundisha. Ndipo wakaingia wenye kaseti za mawaidha. Baadhi ya kaseti zilikuwa za kheri, na baadhi zilikuwa sumu tupu, na wenye sumu walikuwa na bunduki na wakakaa milimani. Serikali ya Saristan haikuiweza milima. Ikawakamata walio bondeni, maana bondeni kuna barabara.

Sasa serikali hiyo ilikuwa ikiiomba Omani, nchi yenye sifa ya utulivu, iisaidie kufahamu kuenea kwa hicho ilichokiita kwa Kirusi "dvizheniye". Neno hilo lilikuwa kila mstari. Yaarub alipoliona alifurahi kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. Dvizheniye! Chuoni hilo ndilo neno la pistoni inavyopanda na kushuka. Ni mwendo, ni kutikisika kwa chuma. Akalitia Kiarabu, akaandika "harakati". Na hapa uone mambo: kwa Kiarabu harakati ni kutikisa mkono, na harakati pia ni vyama na makundi ya watu wenye lao jambo. Kwa hiyo tafsiri ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa mfasiri mwenyewe hakuwa na habari.

Mheshimiwa Hamdan, ambaye kwao ni Tabora na mlango ukifungwa husema Kiswahili, alimwita amweleze tatizo lenyewe hasa ni nini. Yaarub akamweleza kwamba watu wa huko wanatikisika sana katika ibada.

"Kwa nguvu?" aliuliza Mheshimiwa.

"Barua inasema kali."

"Na jambo lenyewe linaenea?"

"Limeshatoka bonde moja limeingia jingine, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Hamdan akafikiri, na anapofikiri hufumba macho, kwa hiyo ilikuwa vigumu kujua lini amemaliza. Hatimaye akasema hili ni jambo la hatari, na lazima iundwe kamati kabla halijafika Sib, mlangoni petu.

Kamati ikachapa kazi. Vikatungwa Viwango vya Muda vya Kutikisika. Mwenye kuinama au kuyumba kidogo tu wakati wa kisomo aliitwa mtu wa wastani. Akizidi kidogo, wa kuangaliwa. Akipindukia digrii thelathini, mkali. Kwa ajili ya vipimo, seremala mmoja wa Matrah alichonga kipimapembe, kile kinusu duara wanachotumia watoto wa skuli, ila hiki kilikuwa cha mbao ya msaji, upana wake kama mlango, na mshale wa shaba katikati. Seremala aliuliza ni cha nini. Akaambiwa ni siri ya serikali, naye akasema basi atakitia vanishi mara mbili.

Kipimapembe kikazungushwa. Kilikwenda kwenye kisomo cha hitima, na wasomaji wakakaa wima kama wamemeza fimbo, wakamaliza juzuu nzima na maumivu ya shingo. Kilikwenda kwenye harusi moja ya Sib, na wapiga zafa wakaambiwa wapige tu lakini wasicheze, wakapiga kama wanagonga misumari. Kikapelekwa mpaka kwenye maulidi ya kina mama, na huko alitumwa Lamya, mchapaji wa Kamati, msichana mwenye sauti tulivu kama ya wale wanaotangaza ndege uwanjani. Maulidi yenyewe yalikuwa nyumbani kwa Bi Mahbuba, na Bi Mahbuba ni mama yake Yaarub. Wanawake waliposikia Lamya anatangaza digrii wakadhani ni mnada, na mmoja akauliza bidhaa yenyewe iko wapi.

Jioni Yaarub aliporudi nyumbani alimkuta mama yake anamngoja sebuleni, miguu kaitia kwenye beseni la maji ya moto.

"Eti mie mkali," alisema Bi Mahbuba. "Mkali wa nini, mwanangu? Wa pilipili?"

Yaarub akamweleza kwamba ni mambo ya kitaalamu. Mama yake akasema amembeba tumboni akitikisika, akambembeleza akitikisika, na kama angekaa wima kama wanavyotaka wao basi hata usingizi mtoto asingeupata, na ndiyo maana labda kazi hii inafanywa na watu waliokosa kubembelezwa. Kesho yake taarifa ya Kamati ilieleza kwamba katika maulidi ya Sib kumeonekana mtikisiko mmoja wa kupindukia, lakini ulikuwa wa sababu za kiuno.

Basi mambo yakawa mazuri hivyo mpaka ulipofika ugeni. Saristan ilisikia juu ya maendeleo haya ikamleta Naibu Waziri wake wa Utulivu, Kanali Polatov. Lilikuwa jitu la suti ya rangi ya kahawa, lenye Kiarabu cha kambini lilichokiokota Aden enzi za Usovieti, na nyuma yake kila alipokwenda walimfuata waandishi wawili. Wa kwanza aliandika waliyosema watu. Wa pili aliandika aliyosema Kanali.

Walipomwonesha kipimapembe na kumweleza kinavyofanya kazi, Kanali alinyamaza. Yaarub akaona vibaya. Hakujua kwa nini, lakini kuna kunyamaza kwa mgeni kunakomfanya mwenyeji atazame viatu vyake. Kanali akakisogelea, akaipapasa ile mbao.

"Sisi tulikuwa tunakwenda kwa ndevu," alisema. "Mwenye ndevu tunamchukua. Basi wakanyoa wote, bonde zima mashavu laini, na hatujui tena nani ni nani. Lakini mgongo..." Akasita, na macho yakamlegea kwa mapenzi. "Mgongo haunyoleki."

Kama alitambua kwamba pana kosa la tafsiri, alijitia hamnazo. Siku ileile aliomba michoro ya chombo kile, na akaomba jambo jingine dogo. Palikuwa na raia wa Saristan anayeishi Sib, daktari wa meno aitwaye Temur. Babu yake alifundisha watoto Kurani. Baba yake alikuwa miongoni mwa hao watoto. Kaka yake alikuwa na ndevu. Ukoo mzima una dalili, alisema Kanali. Kamati impime Jumatano, na akizidi thelathini, Alhamisi atarudi nyumbani kwa ndege pamoja na ujumbe. Mheshimiwa Hamdan akasema hilo halina uzito wowote. Yaarub akaandika kwenye kumbukumbu: halina uzito.

Lakini lilimlemea. Dokta Temur alikuwa daktari wake mwenyewe. Ndiye aliyemtibu magego mawili, na la tatu lilikuwa limekwisha kufunguliwa linasubiri kuzibwa. Tena alikuwa mtu mzuri, wa kucheka kwa macho, na Kiswahili alikiokota kwa wagonjwa wake wa Sib, kwa hiyo alikijua zaidi kile cha maumivu. Jumapili Yaarub alikwenda kwake, akalala kwenye kiti, na kabla pamba hazijaingia kinywani akamweleza yote: barua, dvizheniye, kutikisika, vipimo, Jumatano, ndege.

Temur akamtia pamba, halafu akasimama na koleo mkononi.

"Dvizheniye?" alisema. "Bwana Yaarub, hiyo si migongo. Hapo ni vikundi. Ni vyama vya watu wa milimani wenye silaha. Nani amewaambia ni migongo?"

Yaarub kinywa kilikuwa wazi, ulimi umekandamizwa, pamba huku na huku. Alisema "aaa". Ndilo jibu la kweli kabisa alilopata kulitoa tangu aanze kazi ya serikali.

Temur akaendelea na kazi, na huku akizungumza polepole kama mtu anayejieleza mwenyewe. Alisema kaka yake alichukuliwa kwa ndevu, na wiki ya pili mama yao akaletewa nguo zake tu. Alisema babu yao aliwafundisha jikoni, mfereji wa maji ukiwa wazi ili jirani asisikie. Hawakuwa na msahafu. Walikuwa wakiyumba ili maneno yawakae, na mpaka leo akikaa wima maneno yanamtoka. "Jumatano mtanipima," alisema, "na mimi nitayumba, kwa sababu sijui kusoma namna nyingine." Yaarub alitazama dari. Machozi yalimtoka, na Temur akamuuliza kama panauma, naye akatikisa kichwa kwamba ndiyo, panauma.

Kesho yake asubuhi Yaarub alikwenda kwa Mheshimiwa Hamdan akafunga mlango na kusema yote. Kosa lilikuwa lake. Kirusi chake kilikuwa cha matrekta. Watu wa Saristan walikuwa wanazungumzia vyama, na Kamati imekaa mwaka mzima inapima viuno vya watu wa Sib.

Mheshimiwa Hamdan alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mpole sana.

"Yaarub, kosa ni kitu kinachofanywa na mtu. Hii ina ghorofa. Ina magari. Kosa likishapewa gari, linakuwa sera."

Yaarub akasema mtu atauawa. Mheshimiwa akasema hapana, mtu atapimwa, na kwamba vipimo vikibadilishwa kwa sababu ya jino la katibu, nani tena ataiheshimu Kamati? Kisha akamkumbusha kwamba Jumanne Kanali anakula chakula cha mchana nyumbani kwa Yaarub, kama ilivyopangwa, na Bi Mahbuba asisahau kachumbari. Yaarub akatoka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, hajapata kuuchukia uso wake mwenyewe, na siku hiyo aliuona kwenye kioo cha lifti akageukia ukutani.

Jumanne Bi Mahbuba alipika pilau ya mbuzi, akaandaa na kachumbari, na halua ikawekwa kando inangoja kahawa. Wageni wakakaa kwenye mikeka. Kanali alikuwa anakula vizuri, anasifu, mara simu yake ya mkononi ikalia. Akatazama nambari, akainuka mbiombio kama aliyeng'atwa na siafu. Ilikuwa ofisi ya Mlezi Mkuu, maana huko Saristan rais wao hawamwiti rais, wanamwita Mlezi Mkuu. Kanali akatia mkono kifuani. Kila alipolitaja jina hilo akainama, na kila alipotajiwa akainama zaidi, mpaka tai yake ikazama kwenye bakuli la mchuzi na akainuka nayo inachuruzika. Waandishi wake wawili, huku matonge yakiwa mikononi, nao waliinama.

Wageni walipoondoka Bi Mahbuba akauliza yule bwana alikuwa akisema na nani. Yaarub akamwambia, na ofisi ya rais wao.

"Sasa mbona karukuu?"

"Ni adabu yao, mama."

"Adabu ni salamu. Ile rukuu, mie nnaijua rukuu. Mie nampigia Mola wangu peke yake, na siku hizi hata hiyo kiuno hakinipi. Yule kaipigia simu." Akakusanya vyombo, akisema kwamba kama lile bao lao la kupimia linataka watu wakali, basi leo mkali mmoja amekula pilau yake na kuomba nyongeza.

Yaarub aliweka kikombe cha kahawa chini. Akainuka, akaenda ofisini, akakaa na Lamya mpaka alasiri wakichapa kifungu kipya cha Viwango. Kilikuwa kifungu kizuri, chenye maneno mazito. Kilisema kwamba kipimo chochote hakitakuwa na maana ya kitakwimu mpaka kilinganishwe na Kipimo cha Mfano, kitakachochukuliwa kwa mtu mwenye wastani usio na shaka. Mheshimiwa Hamdan akakisoma kwenye gari, akaona kirefu, akatia saini.

Jumatano ukumbi wa Kamati ulijaa. Kipimapembe kilisimamishwa katikati, vanishi inang'aa, na Lamya kando yake. Temur aliingia na shati jeupe, kanyoa ndevu zake ingawa hakuna aliyemwambia anyoe, na sehemu iliyonyolewa ilikuwa na rangi ya mtoto. Akakaa. Akajaribu kusoma wima. Aya ya kwanza ikatoka, ya pili ikakwama, akarudi nyuma, ikakwama tena. Watu wakatazama chini kwa haya. Kisha akafumba macho, na mgongo wake ukaanza kwenda mbele na nyuma, taratibu, na maneno yakaja yote, mazuri, hata mpika kahawa akasimama mlangoni na birika lake. Yaarub alikuwa kama anausikia ule mfereji wa maji wa jikoni.

"Arubaini na moja," alitangaza Lamya.

Kanali akatabasamu na kuitazama saa yake. Hapo Yaarub akainuka. Alisema kwamba kwa mujibu wa kifungu kipya, kilichotiwa saini na Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa kinahitajika Kipimo cha Mfano, na je, ndani ya ukumbi huu ni nani mwenye wastani usio na shaka kuliko mgeni wetu mtukufu, Naibu Waziri wa Utulivu? Watu wakapiga makofi. Kanali akavimba kichwa, akakubali. Akaulizwa ana kitu gani alichokihifadhi kwa moyo. Akasema hana aya, ila anayo Hotuba ya Uhuru ya Mlezi Mkuu, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Akaambiwa hiyo hiyo.

Kanali akasimama mbele ya kipimapembe, mkono kifuani, akaanza kwa lugha yao. Hakuna aliyefahamu neno, isipokuwa moja lililokuja na kuja tena. Lilipokuja mara ya kwanza, Kanali akainama.

"Sitini," alisema Lamya.

Likaja mara ya pili.

"Sabini na tano."

Hotuba ikapamba moto. Mlezi Mkuu alikuwa amejitaja sana siku hiyo ya Uhuru, hakujinyima. Kanali sasa alikuwa anainama kwa mapenzi, anainuka mwekundu, anainama tena, na Lamya kwa ile sauti yake ya uwanja wa ndege akawa anatangaza tisini, tisini, tisini, mpaka Mheshimiwa Hamdan akakohoa na kumwomba Kanali arudie kidogo tu, ila kwa kujizuia.

Kanali akatazama kipimapembe, akatazama watu, na ndipo alipoelewa amesimama wapi. Akarudia. Jina likaja. Akaupeleka mgongo mbele kidogo tu, akauzuia hapo. Mara ile ukumbini ikasikika sauti ndogo ya karatasi. Waandishi wake wawili walikuwa wamefungua ukurasa mpya, na wote wawili walikuwa wanamtazama mgongo. Kanali akabaki ananing'inia pale, si wima si chini, jasho linamtiririka kwenye ncha ya pua. Yaarub alimtazama akamwonea huruma, na hakupenda kumwonea huruma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha taratibu, kama mlango wa gereji, Kanali akateremka mpaka tisini.

Yaarub akasema kwa heshima kwamba Kamati sasa ina njia mbili. Ama mgeni wetu ndiye mtu mkali kuliko wote waliopata kupimwa tangu Kamati iundwe, na anayemwabudu anajulikana kwa jina. Ama tisini ndiyo wastani.

Kanali alikuwa bado hajainuka.

"Iandikwe," alisema, anazungumza na sakafu, "kwamba tisini ndiyo wastani."

Ikaandikwa. Mheshimiwa Hamdan akatia saini kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda kula. Na kwa kuwa tisini ndiyo wastani, Dokta Temur wa arubaini na moja alionekana hajafika hata nusu, akaingizwa kwenye kumbukumbu kuwa mtu asiye na harakati za kutajika, na akaruhusiwa kwenda zake. Hakwenda. Alikaa palepale kwenye kiti akalia kwa sauti, mabega yanamcheza, na Lamya akageuza uso wa kipimapembe ukutani ili asipimwe.

Alhamisi ujumbe ukapanda ndege na kiti kimoja kitupu.

Saristan iliupokea wastani wa Maskati kwa shangwe. Vipimapembe vikachongwa kwa mamia na kusimamishwa katika kila ofisi, na ikawa sheria kwamba kila mtumishi wa umma, jina la Mlezi Mkuu likitajwa, afike tisini. Vijana wakafika. Wazee wakafika kwa shida. Kanali Polatov alikuwa na maradhi ya uti wa mgongo tangu zama za Aden. Sikukuu ya Uhuru iliyofuata, mbele ya Mlezi Mkuu mwenyewe, akaenda mpaka sabini na tisa, mgongo ukamkaza, na hakushuka zaidi. Walimkamata kabla bendi haijamaliza. Alishitakiwa kwa msimamo mkali, maana alisimama.

Habari hiyo ilikuja Ruwi kwa faksi, pamoja na barua ya shukurani kwa Kamati. Yaarub aliisoma mara mbili akaipeleka kwa Mheshimiwa Hamdan. Alimkuta amesimama katikati ya chumba, kilemba kimemlegea upande mmoja, na mkononi ana barua nyingine. Waziri mwenyewe wa hapa Maskati alikuwa amepelekewa nakala ya Viwango. Alivipenda mno. Aliona si haki kwamba wageni wafaidike na wastani wa tisini, uliotiwa saini na Mheshimiwa Hamdan kwa mkono wake, halafu wenyewe wasifaidike nao. Alikuwa anakuja kujionea asubuhi hiyohiyo jinsi maofisa wake wanavyompokea.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Yaarub.

"Yuko kwenye ngazi. Lifti mbovu." Mheshimiwa Hamdan aliikunja ile barua. "Funga mlango, Yaarub. Kilete hapa hicho chombo."

Yaarub akafunga mlango. Akakiburuta kipimapembe kwenye zulia, akakisimamisha, akasubiri. Mheshimiwa Hamdan akatia mkono kifuani akaanza kushuka, na kilemba kikamdondoka kikabiringika mpaka chini ya meza, asiweze kukifuata. Nje, kwenye ngazi, zilisikika nyayo za watu wengi.

"Nimefika?" aliuliza.

Yaarub akausogeza mshale wa shaba kwa kidole, bila ya haraka, akapiga jicho moja.

"Bado," alisema. "Inama."